Jeni ya MTHFR, foleti na mgongo wazi: kipi huamua nini

Mrija wa neva wa mtoto, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, huwa umeshafungwa siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe. Ukipiga hesabu kwa kalenda ya mama, hapo hedhi yake imechelewa wiki mbili tu. Wapo ambao hawajapima, wapo wanaodhani ni uchovu, na wengi hawajakanyaga kliniki. Kama kufungwa huko kumekwama mahali, kumekwama tayari, na hakuna kidonge kitakachoanza siku hiyo kikarudisha kazi nyuma.

Nimeanza na tarehe hiyo makusudi, kwa sababu mazungumzo ya jeni na mgongo wazi huisahau. Mwanamke anapima vinasaba, majibu yanarudi yameandikwa MTHFR, kisha anaambiwa mwili wake hauwezi kutumia foliki asidi (vitamini ya foleti iliyomo kwenye vidonge), aiache, anunue aina nyingine iliyo ghali zaidi. Mwingine, ambaye tayari amezaa mtoto mwenye mgongo wazi, anaambiwa jeni yake ndiyo iliyomlemaza mwanawe. Kauli ya kwanza si kweli. Ya pili ina chembe ya ukweli iliyokuzwa mpaka ikapotosha. Kuelewa kwa nini, hatuna budi kuingia ndani ya seli.

Katika wiki ya tatu ya mimba, kiinitete ni kipande bapa cha seli. Tabaka la juu hunenepa katikati, kingo zake zikanyanyuka na kuelekeana, kama mkeka unaokunjwa mpaka pande zake mbili zikutane, halafu zikashikana. Kushikana huko huanzia maeneo ya shingo na kuendelea juu na chini. Tundu linalobaki upande wa kichwa huziba siku ya 25 hivi, la upande wa mkia siku mbili tatu baadaye. Tundu la chini lisipoziba, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: neva ziko nje au zimefunikwa na kifuko chembamba, miguu inaweza kukosa nguvu, haja kubwa na ndogo huwa vigumu kuzuia, na mara nyingi maji hujaa kichwani. La juu lisipoziba, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo haviumbiki, na mtoto hufia tumboni au saa ama siku chache baada ya kuzaliwa.

Kazi yote hiyo inataka seli zigawanyike upesi, na kila seli inapogawanyika lazima inakili DNA yake yote upya. Hapo ndipo foleti inapoingia. Foleti, yaani vitamini B9, hubeba kaboni mojamoja na kuikabidhi pale inapotakiwa. Kaboni hizo zina njia kuu mbili. Njia ya kwanza huenda kutengeneza herufi za DNA. Njia ya pili huenda kwa homosisteini, asidi amino iliyomo mwilini, ambayo ikipokea kaboni hiyo kwa msaada wa vitamini B12 hugeuka methionini. Kutokana na methionini mwili hupata vikundi vya methili, vile vinavyobandikwa juu ya DNA na protini ili jeni fulani iwake na nyingine izime kwa wakati wake. Kiinitete kinachojikunja kinazihitaji njia zote mbili, na kinazihitaji kwa wingi.

Jeni ya MTHFR hutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia mwilini, chenye jina hilohilo, nacho husimama kwenye njia panda hiyo. Hukamata foleti iliyobeba kaboni na kuibadilisha iwe methilifoleti, ambayo inafaa kwa njia ya pili tu. Kikishaibadilisha, haibadiliki tena kurudi ilikotoka. Kwa maneno mengine, MTHFR ndicho kinachogawa: kaboni kiasi gani iende kwenye methili, na kiasi gani ibaki kwa ajili ya DNA.

Sasa tuichukue ile karatasi ya majibu. Kuna mstari wenye jina la jeni, kisha C677T, kisha herufi mbili: CC, CT au TT. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii kwenye kromosomu namba 1, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Namba 677 ni nafasi moja ndani ya jeni ambapo watu wengi wana herufi C na wengine wana T. Badiliko hilo la herufi moja hufanya kiungo cha 222 cha kimeng'enya, ambacho kingekuwa asidi amino iitwayo alanini, kiwe valini.

Alanini na valini zinafanana sana. Tofauti yake inaonekana mahali pasipotarajiwa. Ili kimeng'enya hiki kifanye kazi lazima kishike molekuli moja msaidizi inayotokana na riboflavini, yaani vitamini B2. Kimeng'enya chenye valini huishika kwa ulegevu. Molekuli ikiponyoka, umbo lake huvunjika na kazi husimama, na joto huharakisha kuvunjika huko. Mwaka 1988 watafiti waliokuwa wakichunguza wagonjwa wa moyo walikwisha kuona kwamba baadhi ya watu wana MTHFR isiyostahimili joto. Mwaka 1995 maabara ya Rima Rozen huko Montreal, Kanada, ikaonyesha kwamba chanzo ni herufi hiyo moja. Ikipimwa maabara, MTHFR ya mtu mwenye CT hufanya kazi kwa takriban asilimia 65 ya kawaida, na ya mwenye TT kwa takriban asilimia 30.

Asilimia 30 ni namba inayotisha ukiisoma peke yake, na ndiyo inayonukuliwa kila mahali. Kinachoachwa ni kwamba foleti yenyewe hukisaidia kimeng'enya hiki kilegevu kubaki katika umbo lake. Mwenye TT akiwa na foleti ya kutosha mwilini, homosisteini yake hukaribiana na ya watu wengine. Akipungukiwa, hupanda. Utafiti wa mwaka 1996 nchini Marekani ulionyesha hivyo waziwazi: TT iliongeza homosisteini kwa watu wenye foleti ndogo, na kwa wenye foleti nzuri tofauti ikapotea. Kwa hiyo herufi hizo mbili hazielezi mwili ulioharibika. Zinaeleza mwili unaosumbuka mapema zaidi pale foleti inapokuwa haba.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani

Mwaka huohuo wa 1995 watafiti wa Uholanzi walitangaza kwamba TT inaonekana zaidi kwa watu wenye mgongo wazi na kwa wazazi wao kuliko kwa watu wengine. Tafiti nyingi zimefuata, si zote zilizokubaliana, lakini zikijumlishwa zinaelekea upande mmoja: TT kwa mama au kwa mtoto mwenyewe huongeza uwezekano wa kasoro za mrija wa neva, na ongezeko hilo kwa kawaida halifiki mara mbili.

Tupige hesabu. Tuseme mahali fulani mtoto mmoja kati ya 1,000 huzaliwa na kasoro hii. Hata tukikubali kwamba TT inaongeza hatari mara mbili kamili, tunapata watoto wawili kati ya 1,000. Waliobaki 998 wamezaliwa na mrija uliofungwa sawasawa, wakiwa na TT au mama zao wakiwa nayo. Ndiyo maana namkatalia yeyote anayemwonyesha mama karatasi hiyo na kusema "sababu ni hii". Kwa kundi la watu, jeni hii huonekana kwenye takwimu. Kwa mtoto mmoja, haiwezi kumwambia mzazi kilichotokea.

Ramani ya dunia nayo inasema jambo lilelile. Mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wachanga zaidi ya 7,000 kutoka maeneo 16 duniani. Huko Mexico, karibu mmoja kati ya watatu alikuwa na TT. Kaskazini mwa China na kusini mwa Italia walikuwa kama mmoja kati ya watano au zaidi kidogo. Kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, TT ni adimu mno. Kama jeni hii ndiyo ingekuwa inaamua, basi mgongo wazi ungekuwa nadra Afrika. Sivyo ilivyo. Ethiopia ni miongoni mwa nchi ambako tafiti za hospitali zimekuta viwango vya juu sana vya kasoro za mrija wa neva.

Ushahidi ninaouona kuwa na uzito zaidi umetoka kwa panya. Maabara ileile ya Montreal ilizalisha panya wasio na MTHFR kabisa, si dhaifu, bali haipo. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Panya hao walidumaa, homosisteini yao ilipanda kupita kiasi, na sehemu ya nyuma ya ubongo wao haikukua vizuri. Lakini mrija wao wa neva ulifungwa. Linganisha na panya wengine, walioelezwa mwaka 1999, ambao jeni yao iliyoondolewa ni ya kipokezi kinachoingiza foleti ndani ya seli. Hao viinitete vyao vilikufa mapema, na mrija ukiwa wazi. Mama zao walipopewa aina ya foleti kwa wingi, vijusi vingi viliokoka. Somo ninalolipata hapo ni kwamba kuifikisha foleti kwa kiinitete ni jambo zito kuliko kimeng'enya chochote kimoja kinachoichakata baadaye.

Jeni nyingine za foleti zimechunguzwa pia. MTHFD1, inayohusika na kaboni zinazokwenda kwenye DNA, ilionekana kuongeza hatari kidogo kwa akina mama wa Ireland katika utafiti wa mwaka 2002. Zipo MTR na MTRR zinazofanya kazi na vitamini B12, na ipo badiliko la pili la MTHFR yenyewe liitwalo A1298C, ambalo peke yake halina athari kubwa. Nyingi zina mchango mdogo, na utafiti mmoja ukiona kitu, wa pili hukikosa. Kuna hata njia isiyo ya jeni: mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba baadhi ya wanawake waliowahi kuwa na mimba ya namna hii walikuwa na kingamwili zinazoziba vipokezi vya foleti. Kasoro hii hutokea pale mambo kadhaa yanapokutana, kila moja likisukuma kidogo: jeni kadhaa, kiwango cha foleti, vitamini B12, kisukari kisichodhibitiwa, unene uliopitiliza, homa kali ya siku za mwanzo, dawa ya kifafa iitwayo valproeti.

Je, mwenye TT asitumie foliki asidi?

Hapa ndipo uvumi umeleta madhara zaidi, na hapa nataka tuende polepole.

Foliki asidi ni foleti iliyotengenezwa kiwandani. Ndiyo iliyomo kwenye vidonge na kwenye unga ulioongezewa virutubishi, kwa sababu haiharibiki upesi. Ikiingia mwilini, kimeng'enya kinachoipokea kinaitwa DHFR. Hicho huipitisha hatua mbili mpaka iwe tetrahidrofoleti, umbo ambalo tayari linaweza kubeba kaboni. MTHFR haipo kwenye hatua hizo. Haigusi foliki asidi hata kidogo. Yenyewe huja baadaye, pale kwenye njia panda. Na kumbuka njia ya kwanza, ile ya kutengeneza herufi za DNA, haimhitaji MTHFR. Kwa hiyo mtu mwenye TT huipokea foliki asidi, huibadilisha na kuitumia kama mtu mwingine yeyote. Kinachotofautiana ni kiasi: wakitumia dozi ileile, foleti katika damu ya mwenye TT huwa pungufu ya mwenye CC kwa karibu asilimia 16. Dozi ikiongezeka, foleti hupanda kwa wote wawili. Kiasi mtu anachotumia hubadilisha foleti ya damu yake kuliko herufi zake zinavyoibadilisha.

Kisha kuna ushahidi wa majaribio, na majaribio hayo hayakumchagua mtu kwa jeni. Tangu mwaka 1965 madaktari wa Liverpool walishuku kwamba upungufu wa foleti unahusika. Jibu la uhakika lilikuja mwaka 1991, kutoka kwenye jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lililofanyika katika vituo 33 vya nchi 7. Waliandikishwa wanawake 1,817 ambao tayari walishawahi kuwa na mimba yenye kasoro ya mrija wa neva. Baadhi walipewa foliki asidi miligramu 4 kwa siku, wengine hawakupewa. Kasoro ilijirudia kwa mimba 27. Kati ya hizo, 21 zilikuwa za wasiopewa foliki asidi, na 6 za waliopewa. Hatari ilipungua kwa asilimia 72, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Wakati huo hakuna aliyejua habari za C677T.

China ikatoa kipande kingine. Katika mradi uliochapishwa mwaka 1999 walifuatiliwa karibu wanawake 250,000, na dozi ilikuwa mikrogramu 400 tu kwa siku, yaani sehemu ya kumi ya ile ya Uingereza. Kaskazini, ambako kasoro hizi zilikuwa nyingi, wasiotumia walikuwa na mimba 4.8 zenye kasoro kwa kila 1,000. Waliotumia kuanzia kabla ya mimba walikuwa na 1.0. Kusini, kiwango kilishuka kutoka 1.0 hadi 0.6. Sasa kumbuka ramani: kaskazini mwa China ndiko TT ilikojaa. Mahali penye jeni hiyo kwa wingi ndipo foliki asidi ya kawaida, hiyohiyo inayosemwa haiwafai, ilipookoa watoto wengi zaidi.

Vipi basi ile aina inayouzwa kwa jina la methilifoleti? Si sumu. Huongeza foleti kwenye damu, na kwa hoja ya kikemia inaweza kufanya kazi. Lakini hakuna jaribio lililoonyesha kwamba inazuia mgongo wazi. Mwanamke anayetarajia kushika mimba akiacha kidonge kilichothibitishwa, kwa sababu ya herufi mbili kwenye karatasi, amebadilisha kinga inayojulikana kwa dhana, tena katika wiki ambazo hazina marudio. Chuo cha wataalamu wa jenetiki ya tiba cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2013 kikishauri kipimo cha MTHFR kisiagizwe kwa mtu anayechunguzwa tatizo la damu kuganda au mimba kuharibika mara kwa mara, kwa kuwa majibu yake hayabadilishi matibabu. Kwa mgongo wazi mantiki ni hiyohiyo: uwe CC, CT au TT, ushauri ni ule ule.

Ushauri wenyewe, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba mpaka wiki 12 za ujauzito. Neno la kushika ni "tangu anapoanza kutafuta". Foleti hujaa kwenye chembe nyekundu za damu taratibu, kwa wiki na miezi, maana chembe hizo huibeba tangu zinapotengenezwa na huishi siku 120 hivi. Utafiti wa Dublin wa mwaka 1995 ulikuta kwamba wanawake wenye foleti ndogo kabisa kwenye chembe hizo walikuwa na hatari mara nane ya wale waliokuwa na nyingi. Miezi miwili mitatu kabla ya mimba ni muda mzuri wa kuanza.

Tatizo ni kwamba mimba nyingi hazipangwi. Ndiyo sababu nchi kadhaa ziliamua kuweka foliki asidi kwenye unga kwa lazima. Marekani ilianza mwaka 1998, kwa mikrogramu 140 kwa kila gramu 100 za unga, Chile mwaka 2000, Afrika Kusini mwaka 2003. Kote huko kasoro hizi zilipungua. Afrika Kusini zilishuka kwa karibu theluthi moja. Naipenda njia hii kuliko kipimo chochote cha jeni, kwa sababu humfikia hata msichana ambaye hakuwa na habari kwamba ana mimba, na haimuulizi herufi zake.

Kwa aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro hii

Uwezekano wa kujirudia ni kama asilimia 2 hadi 3. Ni mkubwa kuliko wa watu wengine, lakini maana yake pia ni kwamba mimba 97 au 98 kati ya 100 zinazofuata hazina kasoro hiyo hata kabla ya kuhesabu kinga. Dozi inayoshauriwa hapa ni kubwa, miligramu 4 au 5 kwa siku, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kifafa au mwenye kisukari azungumze na daktari wake mapema kuhusu dozi, na asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari anaweza kutaka kupima vitamini B12. Ikipungua, foleti hunasa katika umbo la methilifoleti lisiloweza kwenda kokote, na foliki asidi nyingi inaweza kuficha upungufu wa damu ambao ungeonyesha tatizo mapema.

Kuhusu lawama. Nusu ya jeni za mtoto zimetoka kwa baba. Mtoto hawezi kuwa TT bila kupewa T moja na kila mzazi, na wazazi wawili wenye CT, ambao hawana dalili yoyote, wana nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mwenye TT. Anayesema kasoro imetoka "upande wa mama" hana sayansi ya kumsaidia. Na wapo akina mama waliomeza vidonge vyao kila siku, kabla ya mimba na baada, na mrija haukufungwa. Kwenye jaribio la 1991 ni wale sita. Foliki asidi huzuia nyingi kati ya kasoro hizi, haizuii zote. Zinazobaki zina njia nyingine, pengine katika jeni zinazoongoza seli zijipange na kuelekea upande mmoja wakati tabaka linajikunja, na utafiti juu yake unaendelea. Mama wa aina hiyo akiuliza alikosea wapi, jibu la kweli la kitabibu ni kwamba hakukosea.